Mwalimu wa Gari na Kibao Kisichokuwepo

Kariakoo nzima ilimwita Mwalimu, na aliyetaka kumtofautisha na walimu wa shule au wa madrasa aliongeza "wa gari". Jina lake ninalijua, lakini sitaliandika hapa. Niliwahi kulitamka mbele ya watu mkono wangu ukiwa juu ya msahafu, na baada ya niliyoyasema siku ile sidhani kama nina haki ya kulitumia tena.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana. Chini ya baibui alivaa raba nyeusi za kiume, kwa sababu, alisema, viatu vya kike vimetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga klachi. Gari la shule ya udereva lilikuwa na breki ya ziada upande wa kushoto, upande wake, na mguu wake ulikaa juu ya breki hiyo hata gari likiwa limezimwa. Alikuwa akizungumza na wewe huku macho yake yako barabarani. Miaka yote niliyomjua, sidhani kama tuliwahi kutazamana usoni kwa dakika nzima, isipokuwa mara moja, nami mara hiyo nilitamani asinitazame.

Kabla hujagusa usukani, alikutembeza kwa miguu wiki nzima. Ulimfuata katikati ya mikokoteni na wabeba mizigo, kuanzia Gerezani kwenye maduka ya vipuri mpaka sokoni, na kwenye kila kona alisimama akakuuliza unaona nini. Ukijibu kwamba unaona kibao cha kusimama, alikuuliza, "Umeona au umedhani?" Mara nyingi ulikuwa umedhani. Kibao kilikuwa kimezibwa na magauni ya mchuuzi, wewe ulijua tu kwamba mahali kama pale hapakosi kibao. Basi alikurudisha mwanzo wa mtaa uanze upya, jua likiwa la utosi na watu wakikucheka.

Alikuwa na daftari la shule ambamo amechora kwa penseli makutano yote ya katikati ya jiji, moja kila ukurasa: taa, vibao, na mistari ya kuvukia watu hata ile iliyokwisha kufutika. Kibao kikigongwa na lori kikaanguka, alikifuta kwa ufutio siku hiyohiyo. Kikirudishwa, alikichora tena. Kurasa nyingine zilikuwa zimefutwa mara nyingi mpaka zikatoboka. Nilimuuliza daftari lile ni la nani, nani amemwagiza. Akasema hakuna aliyemwagiza, lakini yeye hawezi kumfundisha mtu barabara ya mwaka juzi.

Mimi alinifundisha nikiwa na miaka minne ya ndoa. Mume wangu ana duka la vitambaa Kariakoo, alilirithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu yake aliyetoka Uarabuni. Wanawake wa nyumba ile walikuwa hawaendeshi. Mama mkwe alisema nikijua gari nitazoea kutoka. Mwalimu alipopata habari alikuja dukani mwenyewe, akatoa salamu, akanunua mita mbili za kitambaa ambacho hakukihitaji, akamwambia mume wangu kwa sauti ya biashara kwamba mke anayejua kuendesha hamsumbui mumewe saa za kazi. Wiki iliyofuata nilikuwa natembezwa Gerezani. Gari lilinipeleka mahali ambapo nisingefika, na ninasema hivi ili ijulikane nilichokuwa nimepewa.

Lakini asidhani mtu kwamba alikuwa mpole. Alikuwa na ulimi mbaya. Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma nikisubiri zamu yangu siku alipomfundisha mjane mmoja, mama mtu mzima aliyetaka kuendesha gari aliloachiwa na mumewe. Yule mama alipanda ukingo wa barabara mara tatu asubuhi moja. Mara ya tatu Mwalimu alizima gari, akatoa ufunguo, akamwambia, "Mama, hili gari liuze. Ukiliendesha wewe utamfuata mzee, na utaondoka na watoto wa watu." Mama wa watu alilia hadi mtandio ukalowa. Hakurudi tena. Nilimwambia Mwalimu kwamba amekosea, kwamba maneno yale yangeweza kusemwa kwa njia nyingine. Alisema njia nyingine anaijua, ila haisikiki. Hakumwomba yule mama radhi, wala sikumsikia akimwomba mtu yeyote radhi kwa jambo lolote.

Na huyu huyu mwenye daftari la vibao, kila adhuhuri aliegesha gari la shule juu ya njia ya waenda kwa miguu, mbele ya mgahawa alipokula wali. Ukimkumbusha, alisema pale si barabarani, pale ni kwake. Alikataza mwanafunzi kumsalimia mtu aliye nje ya gari, halafu yeye mwenyewe alifungua kioo akamuuliza muuza machungwa habari za mgonjwa wake. Aliogopa kuendeshwa na mtu ambaye hakumfundisha yeye. Basi la mwendokasi akilipanda alifumba macho kutoka kituo mpaka kituo, akishika chuma kwa mikono miwili, kwa hiyo mara nyingi alitembea.

Alikuwa na binti mmoja tu, aliyemsomesha kwa mshahara wa gari lile mpaka akapata kazi katika ofisi moja huko Posta. Alimtaja kila siku na kumpigia simu kwa nadra, asije binti akaonekana kazini ana mama msumbufu. Kitu kimoja kilinishangaza: binti huyo hajui kuendesha. Mwalimu alikataa kumfundisha. Alisema wanafunzi huwa anawatukana, na yule hawezi kumtukana.

Kosa lililompeleka mahakamani lilikuwa dogo. Wakati huo nilikuwa na leseni yangu kwa miaka kadhaa, na Mwalimu alinisindikiza Gerezani kutafuta kioo cha pembeni cha gari letu, maana mafundi wa kule walimwogopa na hawakuthubutu kumpa mtu wake kitu kibovu. Tulirudi na gari la shule, yeye akiendesha, mimi nimekaa kushoto, ilikuwa kama saa nne asubuhi. Tukafika kwenye kona moja ya kuingia sokoni ambapo kwa miaka mingi palikuwa na kibao cha kukataza kukata kulia. Mwalimu alipunguza mwendo, akatazama kushoto, akatazama juu, akawasha taa, akasubiri magari ya mbele yaishe, akakata kulia.

Hatua ishirini mbele tulisimamishwa na trafiki. Alikuwa msichana, umri wa kuwa binti yake, kajifunga kitambaa shingoni kuzuia jua. Alimwamkia vizuri, Mwalimu akaitikia marahaba. Kisha trafiki akamwambia kwamba amekata kulia mahali pasiporuhusiwa.

Mwalimu alimuuliza kibao kiko wapi.

Sote watatu tuligeuka. Palikuwa na kisiki cha nguzo, kimekatika kwa chini na kuinama kama kilichokanyagwa na gari kubwa. Kibao chenyewe hakikuwa mbali. Kijana mmoja muuza makava ya simu alikuwa amekilaza juu ya kreti mbili za soda, akapanga bidhaa zake juu yake. Ukingo wake mwekundu ulionekana pande zote. Mimi niliuona. Narudia: niliuona kwa macho yangu mawili, na nikacheka.

Yule trafiki naye aliuona. Akasema kwa upole, "Mama, kila mtu anajua hapa hakukatwi kulia."

"Mimi siendeshi kwa kujua," Mwalimu akamjibu. "Naendesha kwa kuona."

Trafiki alikuwa amekwisha kuingiza namba za gari kwenye mashine yake ya mkononi. Alisema mashine ikishaandika yeye hawezi kufuta, na kama mama anapinga, aende akapinge mahakamani. Hakuwa na hasira wala hakuomba kitu. Nimejaribu mara nyingi kumfanya awe mtu mbaya katika kumbukumbu yangu, na nimeshindwa. Alikuwa amechoka, na nyuma yetu magari yalikuwa yanapiga honi.

Mwalimu alinitaka nipige picha ile meza ya makava. Simu yangu ilikuwa imezima tangu asubuhi, haina chaji kabisa. Nilimwonyesha kioo cheusi. Yeye alikuwa na simu ya kitochi isiyo na kamera. Akasema si kitu, tutarudi kesho.

Alirudi kesho yake asubuhi na simu aliyoazima kwa binti yake. Kibao kilikuwa kimesimama mahali pake kwenye nguzo mpya, na saruji ya chini bado mbichi. Muuza makava hakuwepo, na majirani zake walisema hawamjui. Mwalimu akapiga picha ya ile saruji.

Wapo waliosema alikata kulia kusudi. Daftarini kibao kile kilikuwa kimefutwa siku tatu kabla, kwa hiyo alijua kimeanguka, na alijua pia kwamba siku zote kimekuwepo. Labda ni kweli. Labda aliona nafasi ya kuwa sahihi na hakuweza kuiacha. Yeyote mwingine angelipa faini ile, ikaisha kwa siku moja, na binti yake ndivyo alivyomwambia: lipa, mama, watu ofisini wameshaanza kuniuliza. Mwalimu alikataa. Alisema akilipa atakuwa amekiri kwamba aliona kitu ambacho hakikuwepo, na wanafunzi wote aliowarudisha mwanzo wa mtaa watakuja kumdai jua lao. Binti akanyamaza. Baadaye nilikuja kujua kwamba hakunyamaza kwa kukubali. Aliamini mama yake amezeeka, na kwamba hadithi ya kibao kugeuzwa meza ameitunga.

Kesi iliahirishwa mara nne. Kila mara Mwalimu alivaa baibui lake jipya, akashika daftari, akakaa kwenye benchi tangu saa mbili hadi aitwe na kuambiwa arudi tarehe nyingine. Alikuwa na shahidi mmoja. Shahidi huyo nilikuwa mimi.

Nyumbani hakuna aliyenikataza kwa ukali. Mume wangu alisubiri tumalize chakula cha mchana, akanieleza. Malori ya vitambaa hushusha mzigo mbele ya duka letu saa ambazo hayaruhusiwi kusimama, na trafiki wa eneo lile wanaona na wanapita. Duka lile linalisha watu kumi na mmoja. Akaniuliza, kwa utulivu, kama nadhani wataendelea kupita baada ya mke wake kusimama mahakamani na kusema mwenzao kaandika uongo. Nikamwambia yule msichana hakutuonya wala hakututisha. Mume wangu akasema anajua. Na kweli, hakuna aliyetutisha. Tulijitisha wenyewe, tukakaa mezani tukasaidiana kuogopa.

Ningeweza kutokwenda. Ningesema mtoto anaumwa. Nilikwenda kwa sababu nilitaka vyote viwili: nisimwache peke yake, na malori ya duka yasifungwe minyororo na trafiki. Niliapa juu ya msahafu, nikatamka jina lake nilipoulizwa kama namfahamu mshtakiwa. Hakuwa na wakili, kwa hiyo aliniuliza mwenyewe. Aliniuliza siku ile nilikaa wapi. Nikasema kiti cha mbele, kushoto. Kisha akaniuliza kama alivyoniuliza kwenye kila kona ya Kariakoo nilipokuwa mwanafunzi wake.

"Uliona nini?"

"Sikuona," nikasema. "Nilikuwa natazama simu."

Ndipo aliponitazama usoni. Alikuwa ameshika daftari kwa mikono miwili. Swali lililofuata nililijua, na mtu yeyote aliyekuwa katika gari lile angelijua: simu ipi, ile iliyokuwa imezima? Swali moja tu, na ningeanguka pale pale. Hakimu akamuuliza kama ana swali jingine kwa shahidi wake.

"Sina, mheshimiwa," Mwalimu akasema, akakaa.

Daftari halikupokelewa. Picha ya saruji ilitazamwa, ikasemwa kwamba saruji haina tarehe. Alitiwa hatiani akalipa faini ileile ambayo angelipa siku ya kwanza. Nilimsubiri mlangoni nikiwa nimeandaa maneno. Alipita mbele yangu akitazama barabara, akavuka kwa uangalifu, kulia, kushoto, kulia tena, akaenda zake kwa miguu.

Mwezi haukuisha, mwenye shule ya udereva akamwondoa. Alisema mwalimu mwenye hukumu ya barabarani ni tangazo baya. Alimweka kijana anayefundisha huku anaongea na simu. Malori yetu yaliendelea kushusha mzigo bila kubughudhiwa, na kila nilipoyasikia yakirudi nyuma na kengele zake nilitamani moja tu liandikiwe faini, ili niweze kusema hata sisi tuliumia. Kariakoo walimsahau haraka. Wanawake aliowafundisha walipita na magari yao mbele ya ule mgahawa, na mimi nikiwemo, na njia ya waenda kwa miguu ilikuwa wazi.

Sikumwona kwa miaka sita. Nilisikia kwamba amehamia kwa binti yake, nikajiambia kwamba ni vizuri, apumzike.

Nilimkuta soko la samaki la Feri mwaka huu, asubuhi, nilipokwenda kununua samaki wa karamu ya shemeji yangu. Alikuwa amesimama pembeni ya meza za mnada, amekonda, jicho moja limeingia ukungu. Alishika kapu lenye vibua wachache. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba, akaitambua sauti kabla ya sura, akaniuliza habari za watoto. Nikamjibu. Kisha nikamwambia pale pale, katikati ya wachuuzi wanaopayuka bei, maana nilijua nikimpeleka mahali pa utulivu nitashindwa. Nilimwambia kwamba nilidanganya, kwamba niliona meza ya makava na ukingo mwekundu, kwamba simu ilikuwa imezima.

"Nilikumbuka palepale," akasema.

Nikamuuliza kwa nini hakuniuliza.

"Ningekuuliza, ungeongeza uongo wa pili. Mmoja ulitosha."

Nikaanza kuomba radhi. Aliinua mkono kunikatiza. Alisema radhi yangu hana pa kuiweka, lakini kama kweli nataka kufanya kitu, kipo kimoja. Alitoa simu kifuani, akaitafuta namba kwa kuisogeza karibu na jicho lake zima, akapiga, akanipa. "Huyo binti yangu," akasema. "Mwambie ulichokiona."

Nilimwambia yote. Nilimwambia binti kwamba mimi ndiye niliyekuwa ndani ya gari, kushoto, kwamba kibao hakikuwepo, kilikuwa meza, na kwamba mahakamani nilisema uongo. Nilieleza kreti, makava, kisiki cha nguzo. Sikuacha kitu. Nilipomaliza, kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita nilihisi kifua kimefunguka.

Upande wa pili nilisikia sauti za ofisi.

"Ahsante, dada," binti akasema, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuzoea. "Usijisumbue sana. Mama huwa anawaomba watu waniambie hivyo. Mwezi uliopita alimpa simu muuza samaki, naye alisema ndiye aliyekuwa ndani ya gari." Akaniomba nimkumbushe dawa ya jicho, akakata.

Mwalimu alikuwa amenigeuzia jicho lake zima.

"Anasemaje?"

"Anasema ahsante," nikamjibu.

Alichukua simu yake akairudisha kifuani. Midomo yake ilichezacheza kama anayerudia kitu moyoni, kisha akaniambia vibua wa leo si wabaya, ninunue mapema kabla hawajapigwa na jua.